Kabla Mpingo Haujapanda Meli: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ushauri wa Kisayansi wa CITES

Ombi la kibali cha kusafirisha nje likifika mezani huwa jepesi. Jina la msafirishaji, nchi mzigo unakokwenda, bandari, na mstari mmoja: vipande vya mpingo vya kutengenezea klarineti, mita za ujazo 2. Hakuna mti hata mmoja kwenye karatasi hiyo. Kazi ya mshauri wa kisayansi ni kuuchukua ule mstari na kuurudisha msituni, hadi ajue ni miti mingapi iliangushwa, ilisimama wapi, na nini kimebaki nyuma yake. Asipofanya hivyo, sahihi yake haina tofauti na muhuri wa karani wa mapokezi.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwafikiria watu watatu: mtafiti aliyekabidhiwa jalada lake la kwanza la CITES na hajui aanzie wapi, ofisa misitu wa wilaya anayedaiwa takwimu bila kuambiwa zitatumikaje, na mfanyabiashara anayesubiri kibali akiamini kwamba anazungushwa. Nitakwenda na mpingo karibu safari nzima. Kwa kinyonga, papa au gome la mti wa dawa hatua ni zilezile, ila namna ya kuhesabu inabadilika.

Swali unaloulizwa

CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Kenya iliuridhia mwaka 1978 na Tanzania mwaka 1979. Una viambatisho vitatu. Cha kwanza ni cha spishi zilizofika pabaya, ambazo zikichukuliwa porini haziruhusiwi kuuzwa nje kibiashara. Cha pili ni cha zile zinazoweza kuuzwa kwa kibali, ili zisifike huko. Cha tatu ni cha spishi ambazo nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuzidhibiti. Zilizo nyingi mno zimo kwenye cha pili, na huko ndiko ushauri wa kisayansi unakohitajika kila siku.

Kifungu cha IV kinaweka milango miwili mbele ya kibali. Mlango wa kwanza unalindwa na Mamlaka ya Usimamizi: je, mali hii imepatikana kihalali? Wa pili unalindwa na Mamlaka ya Kisayansi: je, kuisafirisha hakutadhuru uhai wa spishi? Jibu la mlango huu wa pili wenye kazi hulitaja kwa herufi tatu, NDF. Mimi nitaliita tamko la kutodhuru.

Milango hii watu huichanganya kila leo. Mti unaweza kukatwa kwa leseni safi, ushuru ukalipwa, gogo likagongwa alama kwa nyundo na hati ya kusafirishia ikaandikwa, na bado ukawa ndio mti mama wa mwisho wa bonde lile. Halali ni neno la sheria. Haidhuru ni neno la hesabu. Ndiyo maana azimio la nchi wanachama linashauri mamlaka hizi mbili zisiwe mfuko mmoja, na mshauri hafai kuwa mtu anayepimwa kwa makusanyo ya maduhuli.

Tena usiishie kwenye "haitatoweka". Aya ya 3 ya kifungu hichohicho inataka spishi ibaki kwa wingi unaoiwezesha kufanya kazi yake katika mazingira inamoishi. Spishi inaweza kuwapo kwa jina tu, vichipukizi vya unene wa kidole vimejaa na mti mkubwa hauonekani. Hiyo nayo ni dhara.

Hatua ya kwanza: Jua mzigo ni kitu gani hasa

Anza na jina la kisayansi, siyo la sokoni. Mpingo ni *Dalbergia melanoxylon*. Msumbiji huitwa pau-preto, na mafundi wa ala za muziki Ulaya huuita grenadilla. Karatasi inayosema "mbao nyeusi" irudishwe ilikotoka siku hiyohiyo.

Kisha soma maelezo ya ziada yaliyoambatana na spishi. Hapa ndipo jalada nyingi hupotea njia. Jenasi nzima ya Dalbergia, yaani kundi zima la spishi ndugu za mpingo, iliingizwa Kiambatisho cha II kwenye mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, ikaanza kubana tarehe 2 Januari 2017. Kwa miaka karibu mitatu mpiga klarineti aliyeuza chombo chake nje ya nchi alihitaji karatasi. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 ulilegeza: ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu na vifaa vyake vilivyokamilika, hazihitaji tena kibali, wala bidhaa iliyokamilika ambayo uzito wa mbao ya spishi hiyo hauzidi kilo 10 kwa shehena. Kwa hiyo mtalii anayeondoka na kinyago cha Kimakonde cha kilo mbili hana kesi na CITES. Lakini vile vipande vya mraba vilivyotobolewa au kuchongwa nusu, vinavyokwenda kumaliziwa kiwandani ng'ambo, havijawa sehemu iliyokamilika. Hivyo vinahitaji kibali, na tamko lako.

Usidhani maelezo ya mti mmoja yanafaa mwingine. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliingiza mininga ya Afrika, jenasi *Pterocarpus*, na mikongo ya Afrika, jenasi *Afzelia*, kwenye Kiambatisho cha II. Lakini wakati orodha ya mpingo inabana hata vitu vilivyochongwa (vilivyokamilika, vikizidi kilo 10 kwa shehena), ya mninga inabana magogo, mbao zilizopasuliwa, ngozi za mbao, plaiwudi na mbao zilizorandwa mfano wa sakafu. Kitanda cha mninga kilichokamilika kimo nje ya orodha. Wauza mbao wengi wa pwani bado hawajalijua hili, na nafuu walisikie leo kuliko kulisikia bandarini.

Hatua ya pili: Umetoka wapi

Kibali kina herufi ya chanzo. W ni porini. A ni mmea uliooteshwa kwa mkono. C ni mnyama aliyezaliwa kizimbani kwa wazazi wa kizimbani. Ukiona A kwenye mpingo, uliza shamba liko wapi na lilipandwa lini. Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuuzwa. Shamba la miaka kumi na tano halina gogo la klarineti, hata likipigwa picha namna gani.

Kwa wanyama, C ndilo pazia linalofichia mengi. Kipimo rahisi: uliza majike ni mangapi, yanataga mara ngapi kwa mwaka, mayai mangapi huanguliwa, watoto wangapi hufika ukubwa wa kuuzwa. Zidisha. Idadi inayoombwa ikizidi ile banda linaloweza kuzalisha, wanyama waliozidi wametoka porini.

Hatua ya tatu: Pima hatari kabla ya kupima msitu

Kosa la mshauri mpya ni kutaka kila jalada lipate utafiti wa miaka mitatu. La mzoefu aliyechoka ni kulipa kila jalada dakika tano. Jalada la hatari ndogo limalizwe kwa maandiko yaliyopo. La hatari kubwa likutoe ofisini.

Tazama mambo manne: maisha ya spishi yenyewe, hali yake kwa sasa, namna inavyovunwa, na ukubwa wa biashara. Kwa mpingo jedwali hili halilali upande mmoja. Linalotuliza roho: umeenea katika nchi zaidi ya ishirini, kutoka Senegal hadi Afrika Kusini, na huchipua kwenye mizizi hata shina likikatwa. Linalotia shaka: hukua polepole mno, moto wa kila kiangazi hutoboa mashina yake, na mnunuzi hataki mpingo wowote bali ule ulionyooka, mnene, usio na tundu. Anachagua walio bora na kuwaacha waliopinda watoe mbegu.

Kuenea kusikulaghai. Kuwapo kila mahali si kuwapo kwa wingi, na wingi wa vijiti si wingi wa magogo.

Linganisha na mjusi mdogo wa buluu, *Lygodactylus williamsi*, anayeishi kwenye mikadi ya msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu jirani mkoani Morogoro. Hapo ukubwa wa eneo peke yake unatosha kuwasha taa nyekundu. Wakamataji walimuuza kwa wafugaji wa Ulaya kwa maelfu, na wengine waliangusha mkadi mzima ili kuwafikia mijusi waliojificha katikati ya majani. Hadi mwaka 2016 hakuwamo hata Kiambatisho cha II; mwaka huo aliruka moja kwa moja hadi cha kwanza. Kwa spishi kama huyu huhesabu tu waliokamatwa. Unahesabu na nyumba zilizobomolewa.

Hatua ya nne: Kusanya kilichopo

Orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ni mahali pa kuanzia, siyo pa kumalizia. Inazungumzia spishi duniani kote, nawe unaulizwa kuhusu msitu mmoja. Kanzidata ya biashara ya CITES, inayotunzwa Cambridge, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Chukua miaka kumi ya nyuma, kisha weka pembeni takwimu za nchi iliyouza na za nchi iliyonunua. Zisipolingana, usiseme upesi kwamba ni magendo. Huenda mmoja ameripoti vibali alivyotoa na mwingine ameripoti mzigo uliofika kweli. Huenda mmoja ameandika kilo na mwingine mita za ujazo. Lakini pengo likiwa lilelile kila mwaka, liandikwe kwenye jalada.

Halafu nenda kwa watu. Mchonga vinyago atakuambia anatembea umbali gani leo kufuata gogo, na miaka kumi iliyopita alitembea umbali gani. Dereva wa lori anajua ni barabara ipi ilianza kubeba mpingo baada ya nyingine kukauka. Wazee wa kijiji wanajua moto ulipita wapi. Haya yana uzito sawa na jedwali, ilimradi uandike nani kasema (kwa kazi yake, siyo jina lake), lini, na amejuaje.

Hatua ya tano: Ingia msituni, uhesabu

Hapa ndipo penye nyama ya kazi yote, nami nitakaa kidogo.

Unene hupimwa kimo cha kifua, sentimeta 130 kutoka ardhini. Zungusha utepe kwenye shina, gawa kwa 3.14. Sentimeta 75 na nusu za mzunguko ni sentimeta 24 za kipenyo. Rahisi, mpaka ukutane na mpingo wenyewe. Shina lake lina mifereji kama nguzo iliyokwanguliwa kwa patasi. Utepe unaruka juu ya mifereji na kukupa unene ambao haupo. Mara nyingi pia shina hugawanyika chini ya kimo cha kifua, na ukikosa kanuni mapema, mtu mmoja atahesabu mti mmoja na mwenzake mitatu. Amueni kabla ya kuingia kiwanja cha kwanza, mwandike kanuni hiyo juu ya karatasi ya kila fomu.

Kisha gonga. Geuza panga, piga shina kwa mgongo wake kuanzia magotini hadi usawa wa bega. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Wenye tundu hujibu kama debe. Katika kikosi nilichowahi kuandamana nacho, kijana wa kijiji alikuwa akigonga huku akitazama pembeni, na bado alituzidi sote tuliokuwa na vipimo. Mtu wa namna hiyo mtafute, na mlipe kama mtaalamu, maana ndiye.

Sasa hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia, usizinakili kwenye jalada lako. Tuseme msitu wa kijiji una hekta 1,000. Umeweka viwanja 40 vya mita 50 kwa 50, jumla hekta 10, vikiwa vimepangwa kwa kura na siyo kwa urahisi wa njia. Umekuta mipingo 18 yenye kipenyo cha sentimeta 24 na zaidi. Sita ina tundu au imepinda. Imebaki 12. Mtu mwenye haraka ataandika: hekta 10 zina 12, hekta 1,000 zina 1,200.

Usiandike hivyo. Miti 12 ni sampuli ndogo. Kwa kukadiria haraka, kipeuo cha pili cha 12 ni kama 3.5, zidisha kwa mbili upate 7. Ukweli unaweza kuwa popote kati ya miti 5 na 19 kwa hekta zile 10, yaani kati ya 500 na 1,900 kwa msitu mzima. Na kwa kuwa mpingo huota kwa makundi, upana halisi wa shaka ni mkubwa zaidi ya huo. Chagua mwisho wa chini: 500. Mfanyabiashara akilalamika, mwambie alipie viwanja vingi zaidi. Shaka ikipungua, idadi yake itapanda. Ni haki kwa pande zote mbili.

Acha miti 100 iwe ya mbegu, ikiwemo iliyonyooka. Zimebaki 400. Sasa uliza miti ya tabaka la chini itachukua muda gani kuziba pengo. Kama mpingo wa sentimeta 16 unanenepa milimita 2 kwa mwaka, utafika 24 baada ya miaka 40. Gawa 400 kwa 40: miti 10 kwa mwaka. Kabla ya kuridhika, rudi kwenye fomu uhakikishe kwamba hiyo miti ya tabaka la chini ipo kweli, na mingi kuliko ile unayotaka kuvuna, maana moto na ukame vitachukua fungu lao njiani.

Hatua ya sita: Geuza mzigo uwe miti

Sasa chukua ule mstari wa mita za ujazo 2. Upasuaji wa mpingo kwa ajili ya ala za muziki hutupa vingi kuliko unavyookoa: sehemu nyeupe ya nje hutolewa, nyufa hukatwa, penye kidoa hutupwa. Kinachosalia mara nyingi hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya gogo. Tuchukue moja ya kumi, kwa kumpendelea mwombaji. Mita 2 za vipande zimetokana na mita 20 za magogo. Gogo la sentimeta 28 lenye urefu wa mita mbili na nusu lina kama mita za ujazo 0.15. Gawa 20 kwa 0.15.

Ni miti 133.

Mzigo unaoenea nyuma ya pikapu, wenye uzito wa tani mbili na kitu, ni miti 133 ya umri wa babu zetu. Kwenye msitu wetu wa mfano, unaoweza kutoa miti kumi kwa mwaka. Nimewaona watu wenye shahada wakitoa tamko kwa kulinganisha mita 2 na "mita za ujazo zilizopo msituni" bila kuligusa hili, na kwenye karatasi kila kitu kilionekana sawa.

Kila bidhaa ina kigeuzi chake, na ukikosa kigeuzi huna tamko. *Prunus africana*, mti wa nyanda za juu ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa dawa za tezi dume, umo Kiambatisho cha II tangu mkutano wa mwaka 1994. Huo waweza kutoa gome na kubaki hai, ukibanduliwa kwa pande mbili zinazotazamana na kuachiwa nyingine mbili. Ukizungushwa wote unakufa umesimama. Kwa hiyo tani moja ya gome haina tafsiri mpaka ujue ilibanduliwaje.

Hatua ya saba: Jumlisha vifo vyote

Mti hauulizi umekatwa kwa ajili ya soko gani. Ukitoa tamko la mauzo ya nje huku ukisahau vinyago, mkaa, nguzo na wizi, umehesabu kidole ukasahau mkono. Tembea mstari mmoja msituni uhesabu visiki. Tenga vyenye alama ya nyundo na visivyo nayo. Tuseme wachongaji wa kijiji huchukua miti 3 kwa mwaka, na visiki visivyo na alama vinaonyesha 2 zaidi. Kumi toa tano. Imebaki mitano ya kupanda meli: kama mita za ujazo 0.075 za vipande, uzito wa kilo 90 hivi.

Mitano ile ni kwa vibali vyote vya mwaka, siyo kwa kila mwombaji. Mali bila daftari hupotea bila habari: kampuni tatu zikileta maombi matatu "madogo" kwa miezi tofauti na yakasainiwa na watu watatu tofauti, msitu utalipa mara tatu. Ofisi isiyo na daftari moja la jumla haijaanza kazi hii.

Na mwenye ombi la mita 2? Anahitaji misitu 27 ya aina hii, au miaka 27. Mwambie hivyo waziwazi. Wengi wakionyeshwa hesabu huelewa upesi kuliko wakiambiwa "ombi lako linashughulikiwa".

Hatua ya nane: Kagua usimamizi, siyo mpango wa usimamizi

Mpango wa usimamizi ni kitabu. Unachotafuta ni ushahidi kwamba kuna mtu anaufuata. Omba daftari la doria la kamati ya maliasili, stakabadhi za faini, muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioamua mapato yatumikeje. Daftari la doria lenye mwandiko mmoja na wino mmoja kwa mwaka mzima liliandikwa jana usiku.

Inawezekana kufanya vizuri, na mfano uko hapahapa. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi wilayani Kilwa viliingia kwenye cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, wakisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo la hukohuko. Kilikuwa cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Cheti hakichukui nafasi ya tamko lako, lakini kinakupunguzia kazi, kwa kuwa hesabu za msingi zimeshafanywa na mtu wa nje amezikagua.

Hatua ya tisa: Amua, kisha andika

Majibu ni matatu: ndiyo, ndiyo kwa masharti, hapana. "Hatuna takwimu za kutosha" si jibu la nne. Ukikosa takwimu na hatari ni ndogo, ruhusu kidogo huku ukifuatilia. Ukikosa takwimu na hatari ni kubwa, ni hapana, mpaka zipatikane. Hili linawagusa sana wavuvi wa pwani yetu sasa: familia nzima ya papa wa aina ya *Carcharhinidae* ilianza kubanwa tarehe 25 Novemba 2023, wakati mialo mingi papa bado huandikwa "papa" tu, bila spishi. Kabla ya kufikiria mauzo ya nje, mwandishi wa mwaloni afundishwe kutambua mapezi na kuandika jina.

Tamko liandikwe kwa namna ambayo ofisa asiyekujua ataweza kulitekeleza. Mfano:

"Usafirishaji wa vipande vya *Dalbergia melanoxylon* kutoka kitalu namba 4 cha msitu wa hifadhi wa kijiji hiki, usiozidi mita za ujazo 0.075 kwa mwaka huu, hautadhuru spishi, ilimradi: (i) utokane na miti isiyozidi 5 iliyopimwa na kupewa namba kabla ya kukatwa, (ii) namba ya mti ionekane kwenye kisiki, kwenye gogo na kwenye hati ya kusafirishia, (iii) miti ya mbegu iliyowekewa alama isiguswe, (iv) kitalu kiwekewe mkanda wa kuzuia moto kabla ya kiangazi. Tamko hili linafikia mwisho Desemba."

Chini yake eleza ulichokijua, ulichokikadiria na ulikokipata, kila kimoja mbali na kingine. Asiwepo mtu wa kukuuliza mwakani "hii 0.15 ilitoka wapi?" akakukuta unakuna kichwa. Mkataba wenyewe umeweka misingi ya kazi hii katika Azimio 16.7 la Bangkok, 2013, na Desemba 2023 wataalamu walikutana Nairobi kupitia mwongozo mpya. Yasome, ila usiyanakili kujaza kurasa. Tamko zuri la hatari ndogo huweza kuwa kurasa mbili.

Utasukumwa. Simu itapigwa, utaambiwa mnunuzi ataenda nchi jirani. Jibu kwa maandishi, ukirejea ukurasa wa hesabu, na nakala iingie jaladani. Simu haina kumbukumbu.

Hatua ya kumi: Rudi

Kibali cha kusafirisha huishi miezi sita. Tamko lako linaendelea kuwa kweli au uongo msituni muda mrefu zaidi. Linganisha kilichoruhusiwa na kilichosafirishwa, maana ripoti ya mwaka ya nchi hutakiwa kufika Sekretarieti ifikapo tarehe 31 Oktoba. Wakati huohuo kamati za wanyama na mimea za mkataba hutazama takwimu za nchi zote, na zikiona biashara inapanda bila maelezo, nchi huandikiwa barua ieleze matamko yake yalitegemea nini. Isiyojibu vya kuridhisha inaweza kufungiwa biashara ya spishi hiyo, na hapo mwenye msitu mzuri na mwenye msitu mbovu hufungiwa pamoja. Ofisi yenye majalada yaliyoandikwa kama nilivyoeleza hujibu barua hiyo kwa wiki moja.

Msituni, rudi kwenye viwanja vilevile baada ya mvua. Tafuta kisiki namba 3. Piga goti, futa majani makavu, uhesabu machipukizi yaliyotoka kwenye mizizi, upime refu kuliko yote, kisha utazame kama yana alama ya moto au ya meno ya mbuzi. Andika kwenye fomu ileile ya mwaka jana, mstari wa chini yake.